Jasho Linapochoma Kama Sindano

 Leo hatukuja na habari za ugonjwa wenye jina la kutisha. Twataka kuongea nanyi juu ya taabu ambayo watu wengi huiona kuwa ndogo, kwa kuwa haionekani kwa macho; lakini imewafanya wengine waache kazi, wengine waache michezo, na wengine waone haya kuketi pamoja na wenzao.

Taabu yenyewe ni hii. Mtu anapanda kilima, au analima, au anakimbilia gari asubuhi. Mwili unaanza kupata moto. Kabla jasho halijatoka sawasawa, ghafula anasikia ngozi yake inachomwachomwa, kama kwamba sindano mia moja zimeingizwa kwa pamoja: kichwani, shingoni, kifuani, mgongoni, mikononi. Si mwasho wa kuumwa na mbu, ambao mtu hujikuna akasahau. Wengine husema ni kama kumwagiwa upupu. Wengine husema ni kama siafu wameingia ndani ya shati. Mtu hutamani kuvua nguo hapo hapo njiani, mbele ya watu. Naye akisimama kivulini akapoa, basi baada ya dakika kumi au ishirini, pengine saa nzima, yote yamekwisha. Akijitazama haoni kitu. Au huona vipele vidogo vidogo, kama kichwa cha pini, navyo hutoweka kabla hajapata mtu wa kumwonyesha.

Baadhi yetu tunaotayarisha mazungumzo haya twaijua hali hii katika ngozi zetu wenyewe. Kwa hiyo mkitusikia tukisema "sisi", mjue kwamba hatusemi kwa kusoma vitabu tu.

Kitu cha kwanza kinachomwumiza mtu wa namna hii si zile sindano. Ni kutokuaminiwa. Mwenye jeraha mguuni huonyesha jeraha lake, watu wakampa kiti. Mwenye homa huguswa paji la uso. Lakini wewe utaonyesha nini? Ukifika zahanati umekwisha kupoa, na ngozi yako ni laini kama ya mtoto. Kijana wa shule akimwambia mwalimu wa michezo kwamba mwili unamchoma akikimbia, mwalimu hujibu kwamba kila mvivu ana hadithi yake. Mke akisema hawezi kushika jembe saa sita za mchana, mama mkwe hutazama pembeni na kucheka. Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na kunguni wa kitanda hiki hawaonekani hata ukileta taa.

Baada ya kutokuaminiwa huja maelezo, kwa sababu majirani hawapendi taabu isiyo na sababu. Mmoja husema ni damu chafu, yafaa isafishwe. Wa pili husema umetupiwa kitu na mtu mwenye wivu. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni mtu wa kanisani, hushusha sauti akakuuliza kama kuna dhambi ambayo hujaitubu. Twamjua mtu mmoja aliyenyweshwa dawa za kuharisha kwa majuma mawili ili damu yake isafishwe. Alikonda mpaka nguo zikamwanguka, na ngozi ikaendelea kuchoma vile vile.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Ayubu, jinsi alivyokaa majivuni akijikuna kwa kigae. Rafiki zake watatu walikuja, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Kwa maoni yetu hizo ndizo siku walizomfaa zaidi. Walipofumbua vinywa vyao walianza kutafuta kosa lake, na kitabu chote chaonyesha jinsi walivyopotea. Mtume Paulo naye alisema juu ya mwiba katika mwili wake, akaomba mara tatu uondolewe, nao haukuondolewa. Mpaka leo wataalamu wa Maandiko hawajui mwiba huo ulikuwa ugonjwa gani. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba Paulo alikuwa mvivu. Basi ikiwa una mgonjwa wa namna hii nyumbani mwako, jambo la kwanza tunalokuomba ni rahisi, wala halina gharama: mwamini.

Wala hatusemi hivyo kwa huruma tu. Taabu hii yajulikana, ina jina, na imeandikwa na madaktari kwa muda wa miaka mia moja sasa. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Marekani, W. W. Duke, aliandika juu ya watu ambao ngozi zao ziliumuka kwa sababu ya mwanga, baridi, joto, kazi ya mwili, na hata kazi ya akili. Kundi lile la wanaosumbuliwa wakipata moto mwilini leo laitwa urtikaria kolinejiki. Jina ni gumu, lakini maana yake si ngumu.

Katika ngozi ya mwanadamu mna tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne hivi. Mwili unapopata joto, ubongo hupeleka amri kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye tezi hizo, na mwishoni mwa mshipa amri huchukuliwa na kemikali iitwayo asetilikolini. Hiyo ndiyo tarishi inayoiambia tezi, "Toa jasho." Kwa watu wengi tarishi hufikisha habari, jasho likatoka, kazi ikaisha. Kwetu sisi mambo hayaendi hivyo. Amri ile ile ya jasho huamsha pia chembe za ulinzi zilizo katika ngozi, nazo hutoa kemikali nyingine iitwayo histamini. Histamini ndiyo inayoumua vipele na kuchoma mishipa midogo ya fahamu.

Wale waliokulia Limuru au Nyandarua wanaujua mmea ule unaochoma ambao Wakikuyu huuita thabai. Vinyweleo vyake vina histamini, na vina asetilikolini pia. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba akitoka jasho ni kama amepita katika thabai, hatii chumvi. Kemikali ni zile zile, ila kwake zinatoka ndani.

Kwa nini chembe hizo ziamke kwa mtu huyu na zisiamke kwa ndugu yake? Hapo madaktari wana majibu zaidi ya moja, na yaonekana wagonjwa wenyewe si wa namna moja. Wengine ngozi yao hukataa jasho lao wenyewe. Huko Japani, mwaka 2013, watafiti walionyesha kwamba katika jasho mna protini itokayo kwa kuvu mdogo anayeishi juu ya ngozi ya kila mtu, na kwamba miili ya wagonjwa wengine huipiga vita protini hiyo. Wengine vijitundu vyao vya jasho vimeziba. Wengine hutoka jasho kidogo mno, na amri ya ubongo ikikosa mahali pa kufanya kazi huleta fujo kandokando. Mara nyingi hali hii huanza katika ujana, kati ya miaka kumi na thelathini hivi, na kwa watu wengi hupungua au kwisha yenyewe baada ya miaka kadhaa. Kijana anayetusikiliza, neno hilo la mwisho lishike.

Sasa tuwe waangalifu, kwa maana si kila mwasho wa ngozi ni huu. Harara, ambayo watu wa pwani waijua sana wakati wa kaskazi, hukaa siku nyingi wala haitoweki baada ya kupoa. Huwapata sana watoto waliofunikwa nguo nyingi. Upele wa kuambukizana huwasha zaidi usiku, huanza katikati ya vidole, na kwa kawaida nyumba nzima hujikuna. Mtu anayechomwa kila aogapo, hata kwa maji yasiyo ya moto, apimwe damu, kwa kuwa kuna ugonjwa wa kuzidi kwa chembe nyekundu za damu unaoonekana kwa njia hiyo. Miguu inayochoma kila usiku, mtu akiwa amelala tu, yaweza kuwa sukari. Na mwasho wa mwili mzima usiokoma, pamoja na kukonda au macho kuwa ya manjano, huo usiungojee hata juma moja. Nenda hospitali.

Kuna jambo jingine ambalo twataka mlisikie vizuri, hata kama mengine yote mtayasahau. Kuchomwa ngozi kwa dakika chache hakuui mtu. Lakini ikiwa mtu anafanya kazi au mazoezi, na pamoja na mwasho midomo au ulimi unavimba, au sauti inakauka, au kifua kinabana, au anatapika, au anasikia kizunguzungu kama wa kuzimia, hapo si mambo ya kungoja kivulini. Aache mara moja, alazwe chini na miguu iinuliwe. Kama ana shida ya kupumua aachwe aketi. Atafutiwe gari, apelekwe hospitali. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, na dakika zina thamani. Wengine hupatwa na jambo hili ikiwa tu wamekula chakula fulani kabla ya mazoezi. Mwaka 1979 madaktari waliandika habari za mtu aliyepatwa hivyo alipokimbia mbio ndefu baada ya kula wanyama wa baharini wenye magamba, jamii ya kamba na chaza. Ngano nayo imewapata wengi: mkate au chapati peke yake haimdhuru mtu, mbio peke yake haimdhuru, lakini vikikutana vyamwangusha. Asipirini na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo zaweza kuongeza hatari. Mtu aliyepatwa na dalili hizo hata mara moja asifanye mazoezi peke yake, wala asifuate shauri letu lo lote la kujizoeza tutakalolitoa hapa mpaka amemwona daktari.

Na daktari utamwonyesha nini, ikiwa ngozi imepoa? Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Vipele vikitokea, vipige picha hapo hapo. Simama mahali penye mwanga wa kutoka ubavuni, kwa maana katika ngozi nyeusi ule wekundu ulioandikwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni vivimbe vidogo, na mara nyingine vidole huvijua kabla ya macho. Twadhani wagonjwa wengi wa nchi hizi wameambiwa hawana kitu kwa sababu tu aliyewatazama alikuwa anatafuta wekundu. Pamoja na picha, chukua daftari la shule, uandike kwa majuma mawili: saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, ulikula nini kabla, ulimeza dawa gani, ilidumu dakika ngapi. Ukimpa daktari karatasi hiyo, umempa nusu ya kazi yake. Yeye aweza pia kukufanya ukimbie mahali pamoja au upande ngazi mbele yake, mpaka ngozi yenyewe iseme.

Watu husema, "Sisi tuko mbali na madaktari wa ngozi, wote wako Nairobi." Ni kweli kwamba wengi wako mijini. Lakini mjue kwamba huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 ambacho kimefundisha matabibu na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika, wakiwamo Wakenya. Kwa hiyo ulizeni katika hospitali ya kaunti yenu kama yuko tabibu aliyesomea ngozi. Pengine yuko karibu kuliko mnavyofikiri.

Dawa ambayo hutolewa kwanza ni vidonge vya kuzuia histamini. Vile vya zamani ambavyo kila duka la dawa linavyo humfanya mtu asinzie, na mwenye kuendesha gari au mashine ya kusaga au msumeno asivichezee. Vya baadaye, kama setirizini na loratadini, havileti usingizi sana. Faida yake huonekana zaidi vikimezwa kila siku kwa muda, kama daktari alivyoagiza, kuliko kumeza kimoja wakati moto umekwisha kuwaka. Kama kipimo cha kawaida hakitoshi, daktari aweza kukiongeza. Wewe usijiongezee mwenyewe, na mama mwenye mimba aulize kwanza. Mafuta yale makali yauzwayo sokoni, ambayo hung'arisha ngozi kwa mwezi mmoja na kuifanya nyembamba kama karatasi mwaka wa pili, hayana kazi hapa. Wala sabuni za dawa za kuua vijidudu hazina kazi. Ngozi yetu si chafu.

Tukitoka kwa dawa tunafika kwenye jambo ambalo tumelifikiria sana, nalo ni hofu.

Angalieni jinsi linavyokuwa. Mtu amechomwa mara ya kwanza akiwa njiani. Mara ya pili akiwa sokoni. Baadaye anaanza kuogopa. Amealikwa kusoma somo kanisani, amesimama mbele ya watu, na moyoni anajiambia, "Je, ikianza sasa?" Wazo hilo peke yake humtia moto, kwa maana hofu nayo hupeleka amri kwenye tezi za jasho, kwa njia ile ile na kwa tarishi yule yule. Ndipo inaanza kweli, naye ashuka akijua kwamba aliogopa kwa haki. Juma lijalo ataogopa mara mbili. Bwana Duke aliona jambo hilo tangu 1924, alipotaja kazi ya akili pamoja na kazi ya mwili. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Ni mawazo yako tu," amekosea, lakini kuna punje ya kweli aliyoikanyaga bila kujua. Mawazo hayakuumba ugonjwa. Mawazo huuita.

Sisi tumeona kwamba kinachoikata kamba hiyo ni kuijua saa. Sindano zikianza, tazama saa yako. Usiseme, "Nimekwisha," sema, "Ni saa nne na dakika kumi." Punguza mwendo, fungua kifungo cha shingo, tafuta upepo, weka kitambaa chenye maji shingoni na katika mikono. Usijikune, ukishindwa, jipigepige kwa kiganja polepole. Pumua kwa kutoa pumzi ndefu. Kisha tazama saa tena. Mara nyingi utakuta kwamba jambo lililoonekana kuwa saa nzima lilikuwa dakika kumi na mbili. Ukiliona hivyo mara tano, mara sita, ukaliandika katika daftari lako, hofu hukosa chakula. Mwenye kuomba na aombe katika dakika hizo. Wako kati yetu ambao hawajui namna nyingine ya kuzipitisha.

Na sasa twafika mahali ambapo wengi watatushangaa. Mtu aliyechomwa na jasho hufanya nini? Hulikimbia jasho. Huacha kutembea, huacha kulima, hukaa kivulini siku nzima, huoga maji baridi tu. Kwa siku chache hupata raha. Lakini katika wengi wetu mambo huzidi kuwa mabaya: tezi zisizotumiwa hulala, na siku jasho litakapolazimika kutoka litachoma kuliko kwanza. Katika nchi zenye baridi kali wagonjwa wengi husema kwamba huumia zaidi majira ya baridi, wakati ambapo hawatoki jasho, na hupata nafuu majira ya joto. Hata hapa kwetu, mtu wa nyanda za juu aweza kuona kwamba mwezi wa Julai, pamoja na ukungu wake, humsumbua kuliko Februari.

Tena madaktari wameona kwamba baada ya ngozi kuchomeka mara moja na kupoa, kwa watu wengi huwa na muda wa kupumzika, saa kadhaa na pengine siku nzima, ambamo hata ukitoka jasho haichomi sana. Ni kama kwamba ghala la kemikali limekwisha na halijajazwa tena. Kwa sababu hiyo wengine hushauriwa kujizoeza jasho kidogo kidogo, kila siku bila kuruka.

Tutawaambia jinsi sisi tulivyofanya, nanyi mkaulize daktari wenu kama yawafaa. Tulichagua asubuhi mapema, wakati hewa ni baridi, na mahali ambapo mtu aweza kukaa chini bila kuulizwa. Tulitembea kwa haraka dakika tano tu, tukiwa wawili. Ngozi ilipoanza kunong'ona, tulipunguza mwendo, lakini hatukusimama kabisa isipokuwa ilipokuwa kali. Juma la kwanza lilikuwa baya, hatuwadanganyi. Juma la pili tulifika dakika nane. Tuliongeza dakika mbili mbili, kwa majuma, si kwa siku. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, hasa baada ya mafua au baada ya kukosa kutembea siku tatu. Baada ya miezi mitatu hivi tuliweza kupanda kilima cha karibu na kwetu, na jasho likatoka kwa wingi, likatiririka, nasi tukalifurahia kama watoto wanavyofurahia mvua ya kwanza. Je, ngozi imepona kabisa? Hapana. Tukikaa juma zima bila kutembea, yatukumbusha. Lakini sasa twajua la kufanya.

Mwenye mwili usiotoa jasho kabisa, hata akifanya kazi ngumu juani, asijaribu hivyo peke yake. Huyo mwili wake hauna njia ya kupoa, na joto laweza kumwangusha. Lazima apimwe kwanza.

Mambo madogo nayo yana kazi. Vaa pamba, nguo pana. Nailoni na polista hufunga joto kama sufuria yenye kifuniko. Oga maji ya uvuguvugu. Pilipili nyingi na chai ya moto sana vyaweza kuianzisha, kwa hiyo siku yenye safari au mkutano viache. Kama kazi yako ni ya mjengo au ya kuchuma chai, mwambie msimamizi mapema, siku ambayo huumwi, kwa maneno machache: "Nikipata moto ghafula ngozi huniwasha kwa dakika kumi na tano, halafu naendelea. Naomba nianze polepole asubuhi." Msimamizi huelewa dakika kumi na tano. Asichoelewa ni mtu kutoweka bila neno. Mwanafunzi na apewe barua ya daktari ampelekee mwalimu. Na ninyi walimu, tafadhali msimtoe katika michezo yote, kwa maana kukaa kwake chini ya mti mwaka mzima hakutamponya. Mruhusuni aanze pole pole, apumzike atakapo, na mwenzake mmoja ajue dalili zile za hatari tulizozitaja.

Mama mmoja alituuliza kama inampasa binti yake aache kuimba katika kwaya. Wimbo wa pili ukianza, na ngoma ikipigwa, msichana huwashwa mpaka machozi yanamtoka, na watu hudhani ameguswa na wimbo. Mama, asiache. Kwanza mtazameni vazi lake, kwa maana kanzu nyingi za kwaya ni za polista nzito. Ashonewe ya pamba yenye rangi ile ile, hakuna atakayejua. Asimame mwisho wa mstari, upande wa dirisha. Ameze kidonge chake kila siku kama alivyoagizwa, si Jumapili peke yake. Atembee kwenda kanisani kwa haraka kidogo, afike mapema, ngozi ichomeke huko njiani na kupoa kabla ya ibada kuanza. Wengi wetu tumeona kwamba baada ya hapo twaimba kwa amani. Mwambieni mwalimu wa kwaya, ili akitoka nje katikati ya wimbo asifuatwe kwa maswali. Nanyi wazee wa kanisa, yafungueni madirisha yale.